Mgeni Asiyekaa

Mgeni alifika kwa kaka yangu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Akasimama kizingitini kama kawaida yake, akapiga hodi kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

"Karibu, karibu ndani," alisema wifi yangu Tumpe, akifuta kiti kwa upindo wa kanga. Kila wiki alikifuta kiti kile, na kila wiki Mgeni hakukikalia, kwa kuwa hakuwa na cha kukalia. Ni mtambo mwembamba wenye kimo cha mtoto wa shule, magurudumu chini, kifua cha kioo, na ndani ya kioo kuna dawa. Watu wa kata yetu ya Isebe walimpa jina hilo siku ya kwanza alipopanda kilima chetu kugawa dawa ya majaribio nyumba kwa nyumba, na zipo nyumba zinazomwekea hata kikombe cha chai. Chai inapoa, watoto wanaigombania.

"Ugonile, tata Ambakisye," Mgeni alisema. Waliomtengeneza walijali. Walimfundisha salamu za kila mahali anapokwenda. "Habari za tangu wiki iliyopita?"

"Nzuri," kaka alijibu kutoka kwenye kochi.

"Za mama nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Habari za kifua?"

"Nzuri. Tunamshukuru Mungu."

Kwenye kioo kikawaka kidoa cha kijani. "Nimepokea: nafuu," akasema Mgeni, akanyoosha mkono wenye kipulizo. Kaka akavuta dawa, akashukuru, "ndaga fijo," na Mgeni akaaga kwa heshima zote, akashuka taratibu kuelekea nyumba ya jirani.

Hata hajaipita migomba, kaka akaomba beseni. Wifi alikuwa nalo mkononi tayari. Kaka alikohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na alipoinua uso nikaona damu imechanganyika na ule utando wa kijivu tunaoujua sote huku juu. Unatoka kwenye nyavu. Chemchemi zilipokauka tulitandaza nyavu kwenye miteremko yote ya Rungwe ili zinase ukungu na kutupa maji, na kweli tukapata maji. Lakini kuvu ikaota kwenye nyavu, ikahamia kwenye mapafu ya wanaozihudumia, na kaka yangu amezihudumia tangu ujana wake.

Mimi nilikuwa nimekaa mlango wa jikoni nikimsaidia wifi kumenya ndizi. Kisu kilibaki hewani.

"Kaka," nikasema, "mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nani?"

"Mgeni. Amekuuliza habari za kifua, umesema nzuri."

Alinitazama kama niliyekosa adabu mbele ya wakwe. "Atu, wewe umelelewa nyumba gani? Mtu amesimama mlangoni, hajakaa, hajanywa hata maji, nianze kummwagia damu zangu? Akikaa nitamwambia."

"Yule hakai, kaka."

"Basi hilo ni lake."

Wifi akacheka huku akisuuza beseni. "Wifi yangu msomi huyu, hata salamu anataka kuikagua! Kila kitu kwako kina lakini. Si ndiyo maana hata wachumba walikimbia?"

Nikacheka naye, lakini kwa mdomo tu. Kesho yake nilitakiwa kusimama mbele ya kata nzima niusome utafiti wa dawa ile, na utafiti wenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, ulijengwa kwa majibu kama lile la kaka.

*

Kazi yangu ni Msomaji wa Ushahidi. Kila kata ina mmoja. Dawa mpya, mbegu mpya au kisafishio kipya cha maji hakiingii kwenye kata, ila kwa majaribio, mpaka Msomaji ausome utafiti wake mbele ya Baraza, kwa lugha ambayo bibi yake angeielewa, kisha awashe Taa. Taa ndiyo inayotoa hukumu. Kijani, utafiti ni wa kuaminika. Njano, subirini. Nyekundu, tupeni. Wananchi wananyoosha mikono, na tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mikono ikikataa kijani.

Tunasoma kwa sehemu tatu: nani alipimwa, walipimwaje, na walipata nini. Katika nani alipimwa watu wanasikiliza, maana wanataka kujua kama kuna ndugu zao. Katika walipata nini wananyoosha shingo. Lakini nikifika kwenye walipimwaje, ukumbi wangu unaota miguu. Huyu anatoka kupokea simu, yule anakwenda kununua maandazi, akina mama wanabadilishana watoto. Anayebaki anasinzia. Siwalaumu sana. Hata mimi, mtu akinieleza jinsi gari linavyotengenezwa, huwa nasubiri tu afike pale ambapo linawaka.

Niliporudi nyumbani kutoka kwa kaka niliufungua tena ule utafiti, na safari hii nikaenda moja kwa moja kwenye walipimwaje.

Wagonjwa wa ukungu kutoka vilima vingi waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa dawa ya kuvuta. Kundi la pili liliendelea na tiba ya zamani, ile ya kuoshwa mapafu kwa mtambo ambao sisi tunauita Dobi. Baada ya hapo kila mgonjwa aliulizwa hali yake kila wiki. Hapo kwenye kuulizwa ndipo nilipokuwa nimepita mbio kabla ya siku ile. Waliopewa dawa waliulizwa na Mgeni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwapelekea dawa nyumbani. Wale wa Dobi hawakuwa na cha kupelekewa, basi waliulizwa na simu.

Simu haipigi hodi. Haiulizi za mama nyumbani. Inauliza, umekohoa damu wiki hii? Ndiyo, bonyeza moja. Hapana, bonyeza mbili. Sijawahi kumwona mtu anayeionea simu haya.

Kwa hiyo waliopewa dawa walisema nzuri, na waliooshwa mapafu walisema damu, na tofauti ikawa kubwa kama mlima. Wataalamu wa mikoa mingine walirudia utafiti, kila mmoja kwa Mgeni wake na simu yake, wakapata mlima uleule. Ukichukua mizani mbovu ukaipitisha masoko yote ya nchi, itakudanganya kila soko kwa kiasi kilekile, na wewe utaona masoko yote yanakubaliana.

Taa inakagua mengi. Inakagua idadi ya waliopimwa, kama waligawanywa kwa kura, kama watafiti walitangaza mapema wanachokitafuta, kama wengine walirudia wakapata jambo lilelile. Yote hayo yalikuwepo, na yalifanywa vizuri, na watu waaminifu. Taa haikuwahi kusimama mlangoni kwa kaka yangu asubuhi.

Nilituma pingamizi kwa wasimamizi wa Taa. Jibu lilikuja papo hapo, likinishukuru na kusema pingamizi langu litapitiwa kwa utaratibu. Nilipouliza utaratibu unachukua muda gani, likanishukuru tena.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Kata ikishakubali dawa yenye kijani, tiba ya zamani inahamishwa kwenda kwingine. Ndiyo sheria. Baraza likinyoosha mikono kesho, gari lingekuja kumchukua Dobi, na kaka yangu angebaki na kipulizo.

*

Nilimkuta Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Mwangoka, kwenye bustani yake ya viazi. Ni mtu wa pole, mwenye tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho, na siku ile tabia hiyo iliniuma kuliko kama angenikatiza. Nilimweleza yote. Alijipangusa udongo mikononi, akakaa kwenye tuta.

"Kwa hiyo unataka kuwaambia watu kwamba Taa imekosea."

"Taa haijakosea hesabu, Mzee. Imepewa majibu ya adabu ikayahesabu."

"Hiyo ni lugha yako. Wao watasikia imekosea." Akang'oa unyasi akawa anautafuna. "Atuganile, binti yangu, unajua kwa nini kiapo chako kinakukataza kuongeza neno lako juu ya Taa?"

Nilijua. Wote tunafundishwa. Lakini alitaka kunisimulia mwenyewe, na sikuwa na ubavu wa kumzuia.

"Miaka ya Uvumi wewe ulikuwa mtoto. Kila mtu alikuwa na utafiti wake kwenye simu. Huyu anasoma hivi, yule anasikia vile, na wote wana daktari aliyesema. Marehemu mke wangu alikunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sauti moja ilisema inasafisha mapafu, ikataja na chuo kikuu. Hakuwa mjinga, alikuwa mwalimu. Alikuwa anaumwa, na alikuwa hana namna ya kujua chuo kipi ni cha kweli na hesabu ipi imepikwa. Ungejuaje wewe, unayechunga nyavu toka alfajiri? Ndipo ikaletwa Taa. Tangu ije, hapa hatujazika mtu kwa uvumi."

"Tutamzika kaka yangu kwa kijani."

Akaacha kutafuna. Nadhani ilimwingia.

"Ukiwaambia Taa hii si ya kweli," akasema mwishowe, "watakuuliza ipi ni ya kweli. Utawajibu nini? Hawana cha kutofautishia. Watazima zote."

"Basi tuwafundishe kuuliza walipimwaje."

"Wewe umefundishwa miaka mingapi, mama? Na utafiti huu uliusoma kabla ya leo. Uliona?"

Kama nisingekuwa nimekaa mlango wa jikoni na ndizi mkononi, ningeusoma kesho kwa sauti nzuri, ningewasha Taa, na ningekwenda nyumbani kula.

"Sikukatazi kufikiri," Mzee Mwangoka alisema, akiinuka kwa kushika goti. "Nakukataza kusema. Acha pingamizi lifuate njia yake."

"Na Dobi akishaondoka?"

Akarudi kwenye viazi vyake. Mabega yalikuwa yamemwinama, na nilijua hata yeye hakupenda alichoniambia.

*

Jioni kaka alikuja kwangu. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa kuchoma hindi, lakini alifika akihema kama aliyebeba gunia, na sikumsemesha mpaka pumzi ziliporudi. Nikampa kiti, nikampa maji. Wifi alikuwa ameshamwambia kilichokuwa kichwani mwangu. Wifi yangu ana mdomo mpana na moyo mpana zaidi.

"Nasikia unataka kuikataa dawa," akasema.

"Haikutibu, kaka. Unatema damu."

"Natema kidogo kuliko zamani."

"Unajuaje?"

"Najua. Kifua ni changu." Kisha akashusha sauti. "Atu, wewe hujawahi kwenda kwa Dobi. Anakulaza, anakufunga mikono ili usijitoe mpira. Anajaza maji pafu moja, wewe unapumua kwa lingine, na mwili hauelewi. Mwili unajua kitu kimoja tu, kwamba unazama. Ukitoka hapo, kabla hujafika nyumbani, unaanza kuwaza siku ya kurudi. Miaka yote hii. Sasa kimekuja kitu cha kuvuta mlangoni kwangu, na Taa imesema ni kizuri, na watu wa vilima vyote wamesema ni kizuri. Mimi ni nani nibishe? Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mdogo wako."

"Basi kuwa mdogo wangu. Kesho soma kama ulivyotumwa, ukae chini. Niache nitumaini."

Nilitamani kumkubalia. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote, na lilikuwa na ruhusa ya kila mtu: kiapo, Mwenyekiti, Taa, na mgonjwa mwenyewe. Nilimtazama alivyokaa na mikono katikati ya magoti, mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mito nikiwa mtoto, na nikaona kama najiandaa kumpora kitu ambacho sina cha kukifidia. Nikamsindikiza mpaka njia panda, tukaagana kwa maneno machache. Hakuniuliza nimeamua nini.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilivaa kitambaa cheupe cha Msomaji begani, nikapanda jukwaani, nikaanza. Nani alipimwa: watu wakatulia. Nikawatajia vilima, wakagusanagusana mabega kila kilipotajwa cha kwao.

Nikafika walipimwaje. Papo hapo yule wa simu akatoka, wa maandazi akafuata, na mazungumzo yakaanza kuchemka nyuma. Nikajaribu. Nikaeleza makundi mawili, nikaeleza kura, nikaeleza kwamba namna ya kuuliza inaweza kuharibu jibu. Nikatumia neno "upendeleo wa kipimo," na macho yote yaliyobaki yakafunikwa na usingizi.

"Msomaji!" akaita mzee mmoja, si kwa ubaya. "Tunashukuru kwa elimu. Taa ni kijani au si kijani?"

"Ni kijani, baba."

"Basi tusicheleweshane."

Wakacheka, wakapiga makofi. Kaka yangu alikuwa benchi la katikati na wifi pembeni yake, na yeye pia alipiga makofi, akinitazama moja kwa moja. Mzee Mwangoka alinionyesha kwa kidevu kitufe cha Taa. Nikakibonyeza. Kijani kikamwagika ukutani, na watu wakapumua kama waliotuliwa mzigo. Ilibaki kuita mikono.

Nikapiga moyo konde, nikashuka jukwaani. Nadhani walifikiri nakwenda kunywa maji. Nilipita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, nikatoka nje, nikageuka na kusimama kizingitini.

"Hodi!"

Kicheko kikapita, cha watu wasioelewa lakini wako tayari kufurahi. "Karibu!"

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri!"

"Za nyumbani?"

"Nzuri!"

"Habari za vifua?"

"Nzuri!" Ukumbi mzima ulijibu kama kwaya, na jibu lilipoisha, kikohozi kikazagaa kutoka benchi la mbele hadi la nyuma.

"Nimepokea: nafuu," nikasema, kwa sauti ya Mgeni.

Hakuna aliyecheka.

"Mlichonijibu sasa hivi ndiyo utafiti niliowasomea," nikaendelea. "Waliopewa dawa waliulizwa na mgeni mlangoni. Wa Dobi waliulizwa na simu. Mgeni tunamwambia nzuri, maana ndivyo tulivyolelewa. Simu tunaiambia ukweli. Taa imehesabu majibu yote na hesabu ni sahihi. Haijui kwamba watu wa hapa hawatoi shida zao mlangoni."

"Msomaji, rudi jukwaani," alisema Mzee Mwangoka. Alikuwa amesimama.

Sikurudi. Nilikwenda benchi la mbele, nikamwomba mama mmoja asogee, nikakaa katikati ya watu. Mama mwingine, kwa mazoea tu, akanipa chupa yake ya maji. Nikanywa, nikamshukuru.

"Sasa nimekaa," nikasema. "Nimekunywa na maji. Habari za vifua?"

Nilitazama mikono yangu. Niliogopa kwamba hakuna atakayesema, na niliogopa zaidi kwamba atakayesema ni yule ambaye sikutaka aseme. Benchi likalia nyuma yangu, nikajua ni nani hata kabla ya sauti.

"Damu," kaka akasema. "Kila asubuhi. Dawa naivuta, na damu inakuja." Akasita kutafuta pumzi. "Nilikuwa nasubiri mgeni akae."

Baada yake akasema mwanamke wa kilima cha pili, kisha mumewe, ambaye kumbe hakujua kwamba mkewe naye anatema. Wakageukiana pale pale mbele ya watu. Kisha wengine, mmoja mmoja, bila kupandisha sauti, kama watu wanaotoa majina ya marehemu kanisani. Wapo waliosema wamepona kweli, nami siwezi kuwabishia, maana nani atajua sasa? Kijani kilikuwa bado kinang'aa ukutani juu ya vichwa vyao.

Mzee Mwangoka aliita mikono. Ya kukubali dawa ilikuwa michache, tena ilinyooka nusu. Dobi atabaki Isebe.

Nilifikiri ningefurahi. Watu walipoanza kutoka, Mzee alikuja mbele yangu, akanyoosha mkono, nami nikavua kitambaa nikampa. Hakunikaripia. Alikikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa, akaondoka nacho.

Kaka alinipita mlangoni akiwa ameshikiliwa na wifi.

"Kesho nakwenda kwa Dobi," alisema, akitazama mbele. "Usije kunisindikiza."

Wifi Tumpe aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu hakuwa na neno la utani.

*

Sikumsindikiza, lakini siku ya pili yake nilikwenda zahanati kuuliza hali yake. Muuguzi aliniambia amelala, pafu moja limeoshwa, la pili litaoshwa akipata nguvu. Sauti ya kaka ya kukohoa ilipita ukutani ikanifikia. Ilikuwa kavu, bila ule utando. Nikasimama uani, nikalia kidogo, nikajifuta.

Ndipo nilipomwona mama mmoja. Alikuwa binti mdogo tu, mtoto mchanga mgongoni, akitoka kwenye foleni ya chanjo ya kuvu kabla zamu yake haijafika. Chanjo ile wanapewa watoto wachanga. Kwa mtu mzima haisaidii kitu, lakini kwa mtoto inaziba njia ya ugonjwa maisha yake yote. Foleni yenyewe ilikuwa fupi. Siku za kawaida inazunguka jengo.

"Mama, mbona unaondoka?" nikamuuliza.

Akanitambua. "Ee, si ni wewe dada Msomaji? Nakwenda nyumbani. Hii nayo ilikuwa kijani."

Maneno yale yaliniingia kama maji ya baridi. "Hii ni tofauti," nikasema. "Subiri nikueleze. Utafiti wa chanjo haukutegemea majibu ya watu. Watoto waligawanywa kwa kura, wakafuatiliwa mpaka wakakua, na walichohesabu ni walio hai na waliokufa. Hawakumuuliza mtu habari. Maiti haisemi nzuri, unaona? Kisha walirudia kwa njia nyingine, si ileile, ndiyo maana..."

Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuondoka. Niliyajua macho yale. Nimeyasomea tafiti miaka yote. Mtoto akaanza kulia, naye akawa anarukaruka kidogo kumbembeleza, akitazama njia ya kwao, kisha foleni, kisha njia tena.

"Dada," akanikatiza kwa upole, "hayo ni yenu mliosoma. Mtoto analia, na nyavu zinanisubiri. Wewe niambie tu. Nimchanje, ndiyo au hapana?"

Nilitaka kumwambia akae. Nilitaka kumwambia kwamba juzi tu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita mbio mahali pa kosa, kwamba asimpe mtu yeyote imani yake kirahisi hivyo, hata mimi, hasa mimi. Mtoto alikuwa amekunja ngumi ndogo kwenye shingo ya mama yake. Nesi alikuwa anafunga boksi la chanjo.

"Ndiyo," nikasema.

Akanitazama kidogo tu. Kisha uso wake ukalainika, akanishukuru, akageuka na kuingia ndani na mtoto wake, bila kuniuliza nimejuaje.